Wimbo Uliokatika Mlandizi

Tulikuwa tumeipita Mlandizi, tukielekea harusini Morogoro, wimbo ulipokatika kwa mara ya kwanza. Ukarudi. Tulipokuwa tunavuka matuta ya kuingilia Chalinze ukakatika tena, safari hii mara tatu mfululizo, kama mtu anayekatwa kauli kila anapofungua kinywa. Dereva wetu, kijana niliyemfundisha fizikia alipokuwa kidato cha tatu, aliipiga redio kofi dogo ubavuni.

"Mwalimu, hii redio nimeichoka. Fundi ameshaniambia ninunue nyingine."

Shangazi yake aliyekaa nyuma akasema tatizo ni simu, maana imeanguka mara nyingi. Mdogo wake akapinga: huku porini mtandao hakuna, wimbo utapigaje?

Watuhumiwa watatu, na kila mmoja ana ushahidi wake. Redio huharibika, simu huharibika, mtandao hukatika. Ila kila kimoja kikiugua hutoa mlio wake, na sikio lililozoea huutambua mlio huo kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Nimeona watu wengi wakinunua redio mpya, kisha simu mpya, na wimbo unaendelea kukatika palepale. Basi tuufuate wimbo mmoja polepole, tangu unapotoka kwenye simu hadi unapofika kwenye spika, tuone kila hatua inaweza kufa kwa namna gani.

Sauti ni hewa inayotikisika. Ngozi ya ngoma ikipigwa huisukuma hewa na kuivuta, mtikisiko huo husafiri hadi ndani ya sikio, nako kiwambo chembamba hutikisika vivyo hivyo. Simu haiwezi kuhifadhi hewa. Inachohifadhi ni vipimo. Mara 44,100 katika kila sekunde, mtambo wa kurekodia hupima wimbi la sauti limepanda au limeshuka kiasi gani kwa wakati huo, kisha huandika jibu kwa namba yenye tarakimu 16 za sifuri na moja. Tarakimu moja ya aina hiyo ndiyo biti. Masikio ni mawili, la kushoto na la kulia, kwa hiyo zidisha: 44,100 mara 16 mara 2. Sekunde moja ya muziki ambao haujabanwa ni biti 1,411,200.

Huo ni mzigo mkubwa kuupitisha hewani kwa kifaa kinachoishi kwa betri ndogo. Kwa hiyo simu huubana wimbo kabla ya kuutuma, na redio huubanua ikishaupokea. Utaratibu wa kubana na kubanua huitwa kodeki, na kanuni za Bluetooth zinataka kila kifaa cha muziki kiwe na angalau mmoja, uitwao SBC. SBC huigawa sauti katika tabaka, tangu besi hadi milio myembamba. Tabaka lenye nguvu hupewa biti nyingi, lililo dhaifu hupewa chache, maana sikio halisikii mnong'ono palipo na tarumbeta. Mwisho wake huwa kama biti 328,000 kwa sekunde, chini ya robo ya mzigo wa mwanzo. Hata kama wimbo wako ulikuwa MP3, ambayo tayari imebanwa, simu huubanua kwanza, huuchanganya na milio yake ya ujumbe, kisha huubana upya.

Njia yenyewe ya Bluetooth, mambo yakiwa mazuri, hupitisha zaidi ya biti milioni 2 kwa sekunde. Mzigo ni laki tatu na kitu, barabara ni ya milioni mbili. Ziada ipo, tena kubwa. Ikumbuke ziada hiyo, kwa sababu ndiyo inayotuokoa siku zote na ndiyo inayoliwa kidogokidogo mpaka wimbo unakatika.

Upande wa pili, ndani ya redio, kuna tangi. Aliyeishi Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Maji ya bomba huja na kukatika, lakini mwenye tangi juu ya paa huendelea kuoga, na bomba likikauka kwa muda mfupi hajui hata kama lilikauka. Redio hufanya hivyo kwa muziki: haichezi kila biti papo hapo inapofika, huweka akiba ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, halafu huicheza akiba hiyo huku ikiijaza kwa nyuma. Ndiyo sababu ukitazama video kwenye simu huku sauti ikitokea kwenye redio ya gari, wakati mwingine midomo hutangulia maneno.

Sasa angalia matokeo ya tangi hilo. Simu hutuma wimbo katika pakiti ndogondogo, kila pakiti ikiwa na namba ya ukaguzi iliyopigwa hesabu kutokana na yaliyomo ndani yake. Redio hurudia hesabu ile. Zikilingana, hujibu kwamba imepokea; zisipolingana, pakiti hutupwa na simu huituma tena. Kwa hiyo kipande cha wimbo ama hufika kikiwa sahihi kabisa, ama hakifiki. Tangi likiwa na akiba, marudio hayo yote hufanyika bila msikilizaji kujua. Likikauka, kunakuwa kimya, kisha wimbo unarudi ukiwa safi kama mwanzo. Muziki wa Bluetooth haukwaruzi wala hautoi mvumo wa "shhhh". Ukisikia mvumo, jua umeingilia mahali pengine, na tutafika huko.

Maongezi ya simu hayana anasa hiyo. Neno la mwenzako likichelewa nusu sekunde mnaanza kukatizana, hivyo tangi la maongezi ni kikombe tu, na pakiti iliyoharibika hupewa nafasi finyu mno ya kurudiwa, au haipewi kabisa. Redio huziba pengo kwa kubahatisha. Sauti ya mtu hugeuka ya mashine, au inakuwa kama anayeongea ndani ya maji. Ugonjwa uleule wa mawimbi hutoa kimya kwenye wimbo na mkwaruzo kwenye maongezi. Hapo tayari una kipimo cha bure: mpigie mtu ukiwa ndani ya gari, huku simu umeiacha palepale inapokaa kila siku. Kama nyimbo zinakatika lakini maongezi ni safi muda wote, usiyalaumu mawimbi kwanza. Tazama nyuma yake, kwenye programu ya muziki au kwenye mtandao.

Mdogo wa dereva wetu alikuwa na hoja, na hoja yake ilistahili kupimwa kabla ya zote kwa kuwa ndiyo rahisi. Wimbo unaosikilizwa moja kwa moja kutoka mtandaoni una tangi lake jingine ndani ya simu, kubwa zaidi, la sekunde nyingi. Gari likiingia mahali ambapo mnara uko mbali, tangi hilo hukauka polepole. Dalili yake ni kwamba wimbo hupiga vizuri kwa muda mrefu, kisha unanyamaza kimya kirefu, na kwenye kioo cha simu kiduara kinazunguka. Mikato mifupi ya kufumba na kufumbua si kawaida yake. Kumtoa mtuhumiwa huyu ni rahisi: cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha washa Bluetooth peke yake. Tulisimama Chalinze kula, tukafanya hivyo, na nikamwomba dereva alizungushe gari kidogo. Wimbo ukakatika. Mtandao ukaachiwa huru.

Kuna ndugu yake mtandao anayefanana naye, naye ni kiokoa betri cha simu. Simu nyingi za siku hizi huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili betri idumu. Wimbo hufa dakika chache baada ya kioo kuzimika, na haurudi mpaka uiguse simu. Ukiona kifo cha namna hiyo, nenda kwenye mipangilio ya betri na uiruhusu programu ya muziki ifanye kazi bila kizuizi.

Sasa tuingie kwenye mawimbi yenyewe, kwa sababu siri ya safari yetu ilikuwa hapo.

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 na ushei, yaani wimbi linalopanda na kushuka mara bilioni 2.4 kwa sekunde. Kasi yake ni ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya kasi kwa idadi ya mipando, utapata urefu wa wimbi moja: sentimita 12 hivi, karibu na urefu wa kalamu. Mawimbi ya redio ya FM yana urefu wa mita 3. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Wimbi la mita 3 hupinda na kukizunguka kitu kidogo kama mwili wa mtu. La sentimita 12 huukuta mwili kama ukuta.

Tena ukuta wa maji. Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, na kila molekuli ya maji ina ncha yenye chaji chanya kidogo na ncha yenye chaji hasi kidogo. Wimbi likipita, huzivuta ncha hizo huku na huko, molekuli hugeukageuka na kusuguana na jirani zake, na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto. Jiko la maikrowevu hupasha chakula kwa njia hiyohiyo na kwa masafa hayohayo, gigahezi 2.45. Watu husema masafa hayo yalichaguliwa kwa kuwa ndiyo pekee yanayokubaliana na maji. Sivyo; maji humeza mawimbi katika eneo pana sana la masafa. Hili la 2.4 lilitengwa kwa matumizi ya viwandani na kisayansi katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947, na mwaka 1985 Marekani ikaruhusu vifaa vya mawasiliano vilitumie bila leseni. Ni kama kiwanja cha wazi cha kijiji: kila mtu anaruhusiwa kuchunga, na hakuna mwenye haki ya kulalamika kwamba ng'ombe ni wengi.

Tofauti kati ya jiko na simu ni ukubwa wa nguvu. Jiko hutoa mamia ya wati. Daraja la Bluetooth lililozoeleka kwenye vifaa vidogo halizidi miliwati 2.5. Balbu ndogo ya wati 5, ile inayomulika kibao cha namba nyuma ya gari, hula nguvu mara 2,000 ya hiyo. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, kupoteza sehemu kubwa njiani si jambo la kupuuza.

Magari yetu usukani uko kulia. Redio iko katikati ya dashibodi, upande wa kushoto wa dereva. Dereva akiweka simu kwenye mfuko wa kulia wa suruali, simu inabanwa kati ya paja na mlango, na kati yake na redio kuna mapaja mawili, nyonga na vyuma vya kiti. Wimbi la moja kwa moja humezwa karibu lote. Kinachofika kwenye redio ni mwangwi: mawimbi yaliyogonga mlango, paa na vioo, yakadunda.

Na mwangwi una tabia yake. Gari ni sanduku la bati. Mawimbi yaliyodunda kutoka pande mbalimbali hukutana, na yakikutana kilele kwa kilele hujumlishana, kilele kwa bonde hufutana. Ndani ya gari hutokea madoa yenye nguvu na madoa matupu yaliyotawanyika kila mahali, na kutoka doa lenye nguvu hadi doa tupu inaweza kuwa robo ya urefu wa wimbi tu, yaani sentimita 3. Huo ni upana wa vidole viwili. Ndiyo maana kuisogeza simu kidogo sana kwenye dashibodi huponya mkato uliokusumbua wiki nzima, na mtu akadhani ni uchawi.

Nilimwuliza dereva simu inakaa wapi akiwa safarini. Mjini, alisema, huiweka kwenye kishikio mbele yake kwa ajili ya ramani. Akishatoka mjini haihitaji ramani, huitia mfukoni. Pale Mlandizi alikuwa amenunua maji, akalipa kwa simu, akairudisha mfuko wa kulia. Mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki. Kila tuta la Chalinze lilimfanya anyanyue paja, simu ikahama kutoka doa lenye uhai hadi doa tupu, na tangi la redio likakauka. Kumbe mdogo wake alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba wimbo hukatika porini kuliko mjini, ila sababu haikuwa pori. Tuliiweka simu kwenye kishikio tukaenda hadi Mikese bila mkato hata mmoja. Kisha, ili tuwe na hakika, nikamwomba airudishe mfukoni. Ukakatika.

Jaribio hili la mwisho watu hulisahau. Ukibadilisha kitu na tatizo likaisha, huenda ni kwa bahati. Rudisha kama kilivyokuwa. Tatizo likirudi, umeikamata sababu. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Anayehamisha simu, kusasisha programu na kubadilisha kodeki kwa mkupuo hatajua kamwe ni kipi kilichomponya.

Si kila mkato ni wa mfukoni. Kiwanja kile cha wazi kina wachungaji wengi, na Bluetooth imejengwa kuishi katika msongamano. Wazo lake ni la kuruka. Eneo la gigahezi 2.4 limegawanywa katika chaneli 79, na simu na redio huhama pamoja kutoka chaneli hadi chaneli mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao wao wawili wanaujua. Fikiria watu wawili wanaopeana mizigo katika vichochoro 79 vya Kariakoo, kila mara kichochoro tofauti. Kimoja kikizibwa na lori linaloshusha magunia, wanapoteza mzigo mmoja tu, wanaurudia kwenye kinachofuata. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 wameongeza busara nyingine: vichochoro vinavyoonekana kuziba mara kwa mara hufutwa kwenye orodha.

Kuruka masafa si wazo la jana. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kuongoza topido kwa redio inayorukaruka ili adui asiweze kuivuruga. Walipendekeza masafa 88, sawa na idadi ya vitufe vya piano, na mpangilio wa kuruka utunzwe kwenye karatasi zenye matundu kama zile za piano zinazojipiga zenyewe. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen, akiwa kwenye kampuni ya Ericsson huko Lund, Sweden, alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa Bluetooth, na kuruka masafa kukawa ndani yake tangu mwanzo. Napenda kuwasimulia wanafunzi habari hii, kwa kuwa inaonyesha jinsi mwanamuziki na mwigizaji walivyoona njia katika jambo ambalo wengi wangewaachia wanajeshi.

Kuruka husaidia, lakini kuna mvurugaji mmoja asiyekimbilika, kwa sababu yumo ndani ya simu yako. Katika simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth hutumia chipu moja, mara nyingi na antena moja, na Wi-Fi nayo inaweza kukaa kwenye gigahezi 2.4. Mtu akiwasha hotspoti ili watoto walioko kiti cha nyuma watazame katuni, simu inalazimika kugawa zamu: sasa katuni, sasa wimbo. Ile ziada yetu inaliwa hapo. Saa ya mkononi iliyounganishwa nayo inadai zamu yake. Kamera ya dashibodi yenye Wi-Fi inaongeza kelele. Hata Wi-Fi iliyowashwa bila kuunganishwa popote huwa inachungulia mitandao ya kila nyumba unayoipita. Zima hotspoti, au uihamishie gigahezi 5 ikiwa simu inaruhusu. Zima Wi-Fi usipoihitaji barabarani. Kama simu yako imechagua kodeki ya kifahari inayokula biti 990,000 kwa sekunde, ishushe iwe SBC au AAC. Mzigo hupungua mara tatu, na ndani ya gari linalonguruma kwa kilomita 80 kwa saa, sioni sikio litakalodai tofauti.

Hadi hapa nimezungumzia redio yenye Bluetooth ndani yake. Magari mengi yanayoingia Tanzania na Kenya yanatoka Japani yakiwa yametumika, na redio zao za asili zilitengenezwa kwa FM ya Japani, ambayo kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo wenye magari hayo hununua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambacho madukani hukiita moduleta: hupokea wimbo kwa Bluetooth, kisha hujigeuza kituo kidogo cha FM na kuirushia redio hatua chache tu.

Hapa njia ya wimbo ina viungo viwili vya hewani, na kila kimoja kina mlio wake. Mkato wa kimya ni wa Bluetooth, kati ya simu na moduleta. Mvumo wa "shhhh", au sauti ya mtangazaji wa mbali inayopenya kwenye wimbo, ni wa FM. FM haina namba za ukaguzi wala marudio. Inapokea kilichopo pamoja na uchafu wake. Tena ina tabia ya kumfuata mwenye nguvu: stesheni mbili zikikutana kwenye masafa mamoja, redio hushika ile kubwa na kuinyamazisha ndogo. Kituo chako cha ndani ya gari ndicho kidogo siku zote.

Redio ya Kijapani na moduleta hukutana kwenye kipande kidogo tu, kati ya 87.5 na 90. Katikati ya Dar es Salaam au Nairobi kupata nafasi tupu humo ni shida. Zima moduleta kwanza, pitisha redio taratibu, tafuta mahali panapovuma mvumo mtupu na majirani zake wa pande zote mbili nao ni watupu, halafu ndipo uweke moduleta hapo. Ukisafiri, mahali hapo patabadilika, kwa kuwa kila mkoa una stesheni zake. Kama fundi alishakufungia bendi ekspanda kwenye waya wa antena, kumbuka kwamba hiyo hushusha masafa yote yanayopitia antena. Ikiwa inashusha megahezi 10, moduleta iliyowekwa 98 utaipata kwenye 88 ya redio. Nimeshakuta mtu aliyekaribia kuitupa moduleta nzima kwa kutolijua hilo.

Kuna mlio wa tatu: mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Huo ni wa alteneta, mtambo unaochaji betri, na hauwezi kupita ndani ya Bluetooth kwa sababu hewani zinapita namba tu. Umeingilia kwenye nyaya. Mara nyingi chanzo ni kifaa kilichochomekwa kwenye tundu la kiberiti na papo hapo kimeunganishwa na redio kwa waya wa AUX: umeme unapata njia mbili za kurudi kwenye bodi ya gari, na tofauti ndogo kati ya njia hizo husikika kama sauti. Chomoa chaja. Mluzi ukiisha, umempata.

Nirudi kwa kijana wetu, maana alikuwa na lalamiko la pili ambalo hakulitaja mpaka tulipofika Morogoro. Kila asubuhi ilimlazimu kuoanisha simu na redio upya. Kuoanisha ni kutengeneza ufunguo wa siri: vifaa viwili hukubaliana namba ndefu, na kila kimoja huitunza kwenye kumbukumbu yake. Kesho yake hutambuana kwa namba hiyo bila kuulizana tena. Upande mmoja ukiisahau na mwingine ukaikumbuka, simu huonyesha kwamba imeoanishwa na bado inakataa kuunganika. Dawa ya hali hiyo ni kufuta pande zote mbili, jina la redio kwenye simu na jina la simu kwenye redio, ndipo uanze upya. Yeye alikuwa akifanya hivyo kila siku, na kila siku redio ilisahau.

Nikamwuliza saa ya redio inasomaje asubuhi. Akasema huwa inaanza mwanzo.

Redio ya gari ina nyaya mbili za kuingiza umeme. Katika redio nyingi za kununua dukani, wa njano hutoka kwenye betri moja kwa moja na hauzimwi kamwe, kwa ajili ya kumbukumbu. Mwekundu huja na swichi ya ufunguo, kwa ajili ya kuiwasha. Mweusi ni wa kurudi kwenye bodi. Fundi aliye na haraka huunganisha wa njano na mwekundu pamoja kwenye swichi. Redio inawaka, inapiga, mteja anaondoka. Lakini ufunguo ukizimwa, kumbukumbu nayo inakosa umeme, saa inarudi mwanzo, na katika redio kama yake funguo za simu zote zinafutika.

Jumatatu kijana alikwenda kwa fundi mwingine wa umeme wa magari, akamwomba apime waya wa njano swichi ikiwa imezimwa. Mita ilisoma sifuri. Fundi akautenganisha na mwekundu, akaupeleka kwenye umeme wa kudumu kupitia fyuzi, akafunga. Jumanne asubuhi kijana alinitumia picha ya redio yake: saa ilikuwa sahihi, na chini yake jina la simu yake lilikuwa limeshatokea kabla hajagusa kitu.